Pantoni ya Kigongo na Busisi

Mwalimu, tafadhali waombe wanafunzi wafungue madaftari yao. Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza habari za chombo ambacho wengi wenu wa Mwanza, Misungwi, Sengerema na Geita mmekipanda. Chombo hicho ni pantoni.

Kwanza tutazame nchi ilivyo. Kusini ya mji wa Mwanza, Ziwa Viktoria limeingiza mkono wake ndani ya nchi kavu. Mkono huo huitwa Ghuba ya Mwanza. Upande wa mashariki uko Kigongo, katika Wilaya ya Misungwi. Upande wa magharibi uko Busisi, katika Wilaya ya Sengerema. Kati yao pana maji ya kiasi cha kilomita 3. Barabara itokayo Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Bukoba ilifika majini ikakatika, kisha ikaanza tena ng'ambo. Asiyetaka kuvuka ilimpasa kuizunguka ghuba yote, nayo ni safari ndefu. Basi kazi ya pantoni ilikuwa kuiunga barabara hiyo.

Mtumbwi waweza kumvusha mtu na kapu lake, lakini hauwezi kuvusha lori. Pantoni imeundwa namna nyingine. Ina sitaha pana iliyo bapa, na mwishoni pana mlango mkubwa wa chuma. Ikifika gatini, mlango huo hulazwa chini kama daraja dogo, na motokaa hupita juu yake. Mabaharia huwaonyesha madereva mahali pa kusimama, maana mzigo mzito lazima ugawanywe sawasawa. Mzigo ukizidi upande mmoja, chombo huinama.

Miaka mingi pantoni zilifanya kazi hiyo, kwenda na kurudi. Mabasi na malori yalipanga mstari. Wachuuzi walipita madirishani na mananasi na samaki wa kukaanga. Kuvuka kulichukua yapata nusu saa tu, lakini kungoja kuliweza kuchukua saa mbili au zaidi.

Mwenye mananasi aweza kungoja. Je, mgonjwa? Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mjini Mwanza. Mgonjwa wa Sengerema au Geita aliyehitaji matibabu makubwa alipelekwa huko, na njia yake ilikuwa juu ya maji. Ikiwa pantoni imekwisha kuondoka, hata motokaa ya wagonjwa ilingoja hapo gatini. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuambiwa, "Subiri kidogo."

Sasa tuje kwenye tarakimu. Pantoni iitwayo MV Mwanza, iliyofanya kazi hapo Kigongo, iliundwa kuchukua abiria 1,000 na motokaa 36. Kila chombo kina hesabu yake, na hesabu hiyo si pambo. Ni mpaka ambao chombo kikiupita huweza kupinduka.

Watu wa ziwa hili wamelipa gharama kubwa kwa kuupita mpaka huo. Tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 walikufa. Tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya Alhamisi, pantoni MV Nyerere ilitoka Bugolora, Ukerewe, ambako palikuwa na gulio. Iliundwa mwaka 2004 kuchukua abiria 101. Siku ile ilijaa watu, mahindi na bidhaa nyingine. Ilipinduka ilipokuwa imekaribia gati la kisiwa cha Ukara, hata watu wa pwani waliiona. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41.

Huko Kigongo mambo yamebadilika. Mwaka 2020 kazi ya kujenga daraja ilianza, na tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua. Ni Daraja la J.P. Magufuli. Sasa motokaa huvuka ghuba kwa dakika chache, na mgonjwa hangoji tena gatini. Wachuuzi waliotegemea mstari wa magari wamelazimika kutafuta mahali pengine pa kuuzia.

Lakini msiseme kwamba habari za pantoni zimekwisha. Ukara na visiwa vingine bado hufikiwa kwa vyombo vya majini. Kwa hiyo, ndugu zangu, kusoma kwenu kuna kazi. Mpandapo chombo, tafuteni bao lenye idadi ya abiria, mlisome. Tazameni maboya ya kujiokolea yako wapi. Mkiona watu wamezidi, shukeni, hata kama jua linakuchwa. Chombo kingine kitakuja kesho.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini barabara ya Mwanza na Geita ilihitaji pantoni?

2. Jumlisha waliokufa na waliookolewa katika MV Nyerere. Watu wangapi walizidi idadi iliyoruhusiwa?

3. Ni nani katika kijiji chenu aliyefaidika na daraja, na ni nani aliyepata hasara?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.