Majalada Yaliyozikwa Tabora na Sefu ya Karani

Leo tutazungumza juu ya vitu vilivyofichwa ili visipotee, kisha vikatafutwa visionekane. Tutaanza na makaratasi ya serikali ya Wajerumani, na kutoka hapo tutakuja kwenye kompyuta ya karani wa pamba.

Katika mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeingia nchini mwetu kwa nguvu. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Lakini makaratasi mengi ya serikali hawakuyakuta, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamekwisha kuyapeleka bara kwa gari moshi. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora tangu mwaka 1912, basi huko ndiko yalikopelekwa. Wabelgiji nao wakaja kutoka Kongo, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Wajerumani walipoona hawana budi kuuacha mji, waliyazika majalada yale ardhini.

Angalieni jambo hili. Hawakuyachoma moto. Azikaye karatasi anatumaini kurudi kuzichukua.

Sasa fikirini hali ya serikali mpya ya Waingereza. Ilikuwa kama mtu aliyekabidhiwa nyumba bila funguo. Mashamba makubwa ya Wajerumani yalikuwapo, viwanja vya mijini vilikuwapo, lakini habari za nani alipewa nini, lini, na kwa mipaka ipi, zilikuwa chini ya udongo wa Tabora. Kwetu Usukumani mipaka ya mashamba ilishikwa kichwani na wazee na banangwa, na mzee huulizwa. Karatasi haijibu kama haijaonekana. Majalada yalikuja kupatikana mwaka 1921, yakarudishwa Dar es Salaam.

Je, shida ikaisha? Haikuisha. Mengi yalikuwa yameandikwa kwa mkono, tena kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo asiyefundishwa hawezi kuusoma. Kwa hiyo karatasi zilikuwa mbele ya macho, lakini zimefungwa kwa kufuli la pili. Serikali yetu ilianzisha Nyaraka za Taifa mwaka 1963, na kati ya 1967 na 1969 mabingwa wa nyaraka kutoka Ujerumani walisaidia kuyapanga majalada hayo. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1973, vitabu viwili. Toka kuzikwa hadi orodha kutoka, hesabuni wenyewe: miaka 57. Mwaka 1997 UNESCO iliyaandika katika daftari lake la kumbukumbu za dunia.

Mtauliza, mambo hayo yanatuhusu nini sisi wa Simiyu? Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, na pamba ndiyo fedha yetu. Wazee wanakumbuka jinsi wakulima wa Kanda ya Ziwa walivyolalamika juu ya mizani ya wanunuzi, miaka ya 1950 ilipoanza. Wakaungana, Bwana Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 likapatikana shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation. Walitaka uzito wa haki, na uzito huo uandikwe. Mkulima aliyeuza pamba bila stakabadhi hana la kusema siku ya malipo, hata kama majirani wote walimwona akipeleka mzigo.

Siku hizi makaratasi hayo mara nyingi huingizwa katika kompyuta, na nakala yake hupelekwa katika kile kinachoitwa hifadhi ya wingu. Jina lisiwatishe, hakuna kitu angani. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko mbali, nasi tunazifikia kwa intaneti. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft iliongeza katika hifadhi yake, OneDrive, folda moja ya siri inayofanya kazi kama sefu.

Tuseme karani wa chama cha msingi ameweka humo picha za stakabadhi za wakulima. Asubuhi anafungua kompyuta, sefu haioni. Moyo unamwenda mbio. Afanyeje?

Kwanza atulie, ajiulize kama imepotea au imefungwa. Sefu hii hujifunga yenyewe isipoguswa kwa dakika 20 katika kompyuta, na ikijifunga vilivyomo havisomeki. Afungue alama ndogo ya wingu iliyo chini pembeni ya kioo, aingie penye mipangilio, achague kufungua sefu, kisha athibitishe kwamba ni yeye, kwa mfano kwa namba ya siri inayotumwa katika simu yake. Pili, atazame ameingia kwa jina gani. Sefu hiyo ipo katika akaunti ya mtu binafsi tu, katika akaunti ya kazi au ya shule haipo kabisa. Karani aliyeweka vitu kwa akaunti yake, kisha akafungua kwa akaunti ya ofisi, atatafuta mpaka jua lizame. (Na kwa maoni yangu, stakabadhi za wakulima hazikupaswa kuwekwa katika sefu ya mtu mmoja.) Tatu, kama anadhani alifuta kitu, aangalie pipa la taka la hifadhi hiyo, lakini sefu ikiwa imefunguliwa, maana ikiwa imefungwa vitu vyake vilivyofutwa havionekani hata humo.

Sasa sikilizeni vizuri, mwalimu wa darasa aandike ubaoni. Karani asikubali mtu amwambie aizime sefu kisha aiwashe upya. Kuizima ni kufuta vyote vilivyomo, papo hapo, wala haviendi katika pipa la taka. Majalada ya Tabora yalikaa ardhini miaka mitano yakatoka. Haya hayatoki.

Kwa wiki ijayo kila mmoja aandike daftarini jina la mtu mmoja, mbali na yeye mwenyewe, anayejua mahali zilipo karatasi za shamba au stakabadhi za pamba za nyumbani kwake. Mahali penyewe msipaandike. Asiye na mtu wa kumwandika aache mstari wazi, halafu mwalimu ahesabu ni madaftari mangapi yenye mstari mtupu.