Joho, Hariri na Viwavi wa Kalahari

Kamati ya kitabu chetu imeniomba niandike machache juu ya hariri, kwa kuwa mwaka huu mazungumzo ya joho jipya yamezidi katika nyumba zetu za Berea, na wengine hunena wasiyoyajua. Nitaanza na joho lenyewe, maana hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Joho letu la zamani watoto huliita "joho la hariri". Si la hariri. Ni la sufu. Jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu, jukh, yaani kitambaa kizito cha sufu. Hariri imo pindoni na shingoni tu, pamoja na zari, na hivyo ndivyo yalivyokuwa majoho mengi ya pwani. Wazee walilileta katika sanduku, na vijana wetu wamelivaa siku zao za harusi tangu jamaa zetu wa kwanza walipopanga vyumba hapa, baada ya kufutwa mwaka 1991 sheria iliyotenga mitaa kama Berea na Hillbrow iwe ya Wazungu peke yao. Sasa nondo wamelila mgongoni. Tumelitia viraka mara mbili, na fundi amekataa mara ya tatu.

Wala msidhani wazee wa pwani hawakuijua hariri. Wareno waliofika pwani yetu katika karne ya 16 waliandika kwamba Pate, kisiwa kidogo jirani na Lamu, kulifumwa nguo za hariri zilizosifika miji mingine yote. Baadaye zilikuja debwani za Maskati, zenye mistari, ambazo mzee asiye nazo alijiona uchi mbele ya watu. Lakini wanaume walikuwa na mpaka wao. Sheria ya dini yetu yawakataza hariri tupu, na yaruhusu pindo lisilozidi vidole vinne, au kitambaa kilichochanganywa ambamo hariri haikuzidi pamba. Wafumaji wa Bara Hindi walikijua kitambaa cha namna hiyo, wakakiita mashru, yaani kilichoruhusiwa. Basi bibi zetu wanaouliza habari za harusi ijayo hawaulizi upuuzi.

Ama swali la vijana ni jingine. Wao wanauliza: hariri hii inapatikanaje, na nani anaumia? Swali zuri, nami nalijibu.

Kiwavi wa hariri ya kawaida hulishwa majani ya mforosadi. Akishiba hujizungushia uzi mmoja mrefu, mara nyingi mamia ya mita, akalala humo ndani ageuke nondo. Nondo akitoka hutoboa kifuko na kuukata uzi. Kwa hiyo wafugaji hawamngoji. Huvitia vifuko katika maji ya moto au mvuke na mdudu angali ndani, kisha huukunjua uzi mzima. Hariri inayong'aa dukani imepatikana kwa njia hiyo, maelfu ya wadudu kwa kilo moja. Huko India, Kusuma Rajaiah wa Andhra Pradesh alianza katika miaka ya 1990 kutengeneza hariri bila kuua, kwa kumwacha nondo atoke kwanza. Alisema anafuata mafundisho ya Gandhi, ambaye sisi watu wa Johannesburg twamhesabu kuwa jirani, kwani alifungua ofisi yake ya uwakili mjini humu mwaka 1903.

Lakini hakuna haja ya kwenda India. Katika nyika ya Kalahari, kuanzia kaskazini ya Afrika Kusini mpaka Botswana na Namibia, yuko nondo wa mwituni ambaye wataalamu humwita Gonometa postica. Viwavi wake hula majani ya migunga. Vifuko ni vigumu kama ganda la njugu, na wachezaji ngoma wa huku huvifunga miguuni vikiwa na vijiwe ndani ili vilie. Nondo akishatoka, kifuko hubaki mtini bure. Tena si bure tu, ni hatari: ng'ombe na swala wakikimeza pamoja na majani, hariri haimeng'enywi, huziba tumbo, na mnyama hufa. Anayeokota vifuko vitupu haui mdudu, na labda anaokoa ng'ombe wa mtu.

Nilifurahi zaidi nilipojua kwamba nondo huyo huyo yuko Mwingi, Ukambani. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kiliwafundisha wakulima wa huko kukusanya vifuko na kupata fedha.

Kwa kuwa uzi wake umekatika, haukunjuliwi, bali husokotwa kama pamba. Vifuko hupikwa kwanza ili gundi itoke. Kitambaa chake haking'ai sana. Ni cha rangi ya udongo wa dhahabu, kina vinundu, na ni kizito kidogo. Kwa shela kingenikera. Kwa joho la harusi ya mwezi wa Julai, katika mji ulio mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hakuna kifaacho kuliko hicho.

Kuna waliotuonyesha picha ya joho la manjano la Madagaska, lililofumwa kwa uzi wa buibui zaidi ya milioni moja na kuonyeshwa London mwaka 2012. Buibui hao walikamuliwa uzi kisha wakarudishwa porini. Ni kazi ya ajabu, lakini ilichukua miaka, na sisi tuna kijana anayeoa.

Kuna shauri kwamba joho jipya liwe la bibi harusi, lipate kuwa hariri tupu. Shangazi zangu wawili wameliunga mkono kwa nguvu, nao wana haki: mwanamke hakukatazwa. Lakini mimi nimesema kwenye mkutano, na nasema tena hapa, kwamba joho hili limekuwa la watu wote, likitoka nyumba moja kwenda nyingine bila kuuliza ni la nani, na likiwa la upande mmoja litaanza kuulizwa. Mtande na uwe pamba nzito, mshindio hariri ya Kalahari, vipimwe kwa mizani mbele ya wazee ili pamba isipungue. Apende kulivaa bwana, apende bibi.

Uzi umekwisha lipiwa nusu. Zari tutaifumua katika joho la zamani, na dada yetu mwenye cherehani amesema ataishona upya kwa mkono. Hajakata mikono ya joho, kwani bwana harusi hajafika kutoka Lubumbashi kupimwa.