Mwisho wa Mstari: Kwa Nini Zana za Unix Hukwama Ndani ya Windows

(Maneno ya somo la redio kwa watu wazima, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza)

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mashine, na hasa ya desturi moja ya mashine ambayo ilinifanya niwape watu 41 wa Masuguru habari ya uongo. Yafaa nianze na kosa langu, maana bila hilo nisingeitafuta historia yenyewe.

Watu wazima wa Masuguru walikuwa wamejiandikisha kwa mtihani. Kila mmoja alilipa ada yake akapewa stakabadhi. Mimi nilipiga majina yao katika kompyuta yangu, ambayo hutumia Windows kama kompyuta nyingi za ofisi zetu. Baadaye ofisi moja ikaniletea orodha kubwa ya wote waliokubaliwa, nayo ilikuwa imetoka katika kompyuta inayotumia Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix. Kazi yangu ikawa kulinganisha orodha hizo mbili: nani yumo, nani hayumo. Majina yalikuwa maelfu, na macho ya mtu huchoka. Basi nikatumia zana ndogo za Unix ambazo nilikuwa nimezitia katika Windows yangu. Ya kwanza huitwa `sort`, nayo hupanga mistari kwa taratibu ya alfabeti. Ya pili huitwa `comm`, nayo huzisoma orodha mbili kwa pamoja na kusema mstari upi uko huku tu, upi uko kule tu, na upi uko kote kuwili.

`comm` ikajibu upesi sana: katika orodha kubwa hamna hata jina moja la Masuguru. Nami nikaamini. Nina stashahada ya chuo kikuu ukutani, walakini haikunizuia kuandika barua siku ile ile kuwaambia watu wale kwamba hawakuandikishwa.

Siku ya tatu akaja mama mmoja ofisini, ameshuka basi na vumbi la njiani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na karatasi yangu ya fedha, hii hapa. Kama jina langu halimo, nionyeshe mahali lilipokosekana."

Nikafungua orodha kubwa mbele yake ili nimwonyeshe. Jina lake lilikuwamo. Lilikuwa sawa na nililolipiga mimi, herufi kwa herufi. Mama akanitazama, wala hakusema neno. Nikajaribu `comm` tena, na kwa mara ya pili mashine ikakana kwamba majina hayo mawili ni sawa.

Basi tuulize: mashine iliona nini ambacho sisi wawili hatukukiona?

Kumbuka taipu ya zamani ya ofisini. Mpigaji akifika mwisho wa mstari alisukuma mkono mmoja wa chuma, nao ulifanya kazi mbili. Ulirudisha kigari cha karatasi mwanzo, na ulizungusha karatasi ipande mstari mmoja. Kwetu hilo lilikuwa tendo moja. Lakini walipotengeneza taipu za kupokea maneno kwa waya, kazi hizo mbili zilipewa amri mbili mbalimbali. Mwaka 1963 huko Marekani ilitokea mashine iliyoitwa Teletype Model 33, ambayo iliweza kupiga herufi 10 kwa sekunde moja. Mwaka huo huo ilitangazwa taratibu ya kuzipa herufi namba, nayo huitwa ASCII. Katika taratibu hiyo amri ya kurudi mwanzo wa mstari ilipewa namba 13, na amri ya kushuka mstari mmoja namba 10. Ilikuwa desturi kupeleka 13 kwanza, kisha 10, kwa kuwa chuma hakikuweza kurudi mwanzo kwa muda wa herufi moja. Amri ya pili ilikipa nafasi ya kufika.

Sasa fikiri: maneno yakiwekwa ndani ya kompyuta, wala si juu ya karatasi, yahitaji amri zote mbili za nini? Ndani ya kompyuta hakuna kigari. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao walianza kutengeneza Unix. Wakafuata desturi waliyoizoea katika kazi yao ya awali iliyoitwa Multics: mwisho wa mstari uwe alama moja tu, ile ya 10. Mashine ya kupigia ikihitaji 13, basi programu inayoiongoza mashine hiyo iiongeze yenyewe wakati wa kupiga. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Wengine walishika njia nyingine. Mwaka 1974 Gary Kildall alitengeneza CP/M kwa ajili ya kompyuta ndogo, naye akaacha alama zote mbili, 13 na 10, ndani ya faili. Mwaka 1980 Tim Paterson akatengeneza programu iliyofuata mfano wa CP/M. Kampuni ya Microsoft ikainunua, na mwaka 1981 ikatoka na kompyuta ya IBM kwa jina la DOS. Windows ikazaliwa juu ya DOS. Kwa hiyo ukipiga jina la mama wa Masuguru katika Windows leo, mara nyingi mwisho wake hubaki ile amri ya kurudisha kigari ambacho hakipo tena.

Sisi wenyewe hatukuwapo barazani mambo haya yalipoamuliwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kutunza hesabu kwa kompyuta ilipoleta hasara, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, yaani mwaka ule ule wa CP/M. Mlango ulipofunguliwa tena tulipokea Windows na Unix zikiwa watu wazima, kila moja na desturi zake, bila kusimuliwa utoto wao.

Lakini jambo la njia mbili zilizojengwa mbalimbali si geni kwa watu wa Korogwe. Reli ya Tanga ilijengwa peke yake, na Reli ya Kati peke yake. Mwaka 1963 zikaunganishwa kwa njia ya kutoka Mnyusi hadi Ruvu, na mabehewa yakapita moja kwa moja, kwa sababu reli zote mbili zilikuwa na upana wa milimita 1000. Sasa nenda Kidatu, mahali Reli ya Kati inapokutana na TAZARA. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1067. Tofauti ni milimita 67 tu, ambazo mpita njia hazioni, lakini behewa halipiti. Ndiyo maana Kidatu palijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Alama yetu ya 13 ni kama milimita hizo. `comm` iliona jina la mama upande mmoja likiwa tupu, na upande wa pili likiwa na alama nyuma yake. Yakawa majina mawili.

Tuje kwenye dawa. Usianze kuibadilisha programu wala kuitia upya. Kwanza ifanye alama ionekane. Andika `cat -A` kisha jina la faili. Mistari ya Unix itaonyesha `$` mwishoni, na mistari ya Windows itaonyesha `^M$`. Hiyo `^M` ndiyo 13. Zana iitwayo `file` nayo itakuambia kama mistari inakwisha kwa CRLF, ndiyo majina mafupi ya alama zile mbili. Ukisha kujua, tumia `dos2unix`, au kama huna, `tr -d '\r'`, ambayo hufuta kila alama ya 13 inayopita. Weka nakala ya faili ya kwanza kabla ya kufuta.

Alama hiyo hiyo huharibu na mambo mengine. Orodha ya amri iliyoandikwa kwa Windows huanza kwa mstari unaotaja programu ya kuisoma, mathalani `/bin/bash`. Ikiwa 13 imebaki mwisho wa mstari huo, mashine hutafuta programu iitwayo `bash` pamoja na alama hiyo, haiipati, nayo hulalamika kwamba msomaji huyo hayupo, hali yupo mbele ya macho yako. Na kinyume chake kilikuwako pia: kabla ya mwaka 2018 programu ndogo ya Notepad haikutambua mwisho wa mstari wa Unix, hata ukifungua orodha ya majina elfu moja ilionekana mstari mmoja mrefu kama kamba ya katani.

Kuna mkwaju mwingine wenye historia kama hii. Unix hutenga jina la folda na jina la faili kwa mkwaju ulioinamia mbele. DOS ya kwanza haikuwa na folda, na mkwaju huo ilikuwa imekwisha utumia kwa kuongezea masharti ya amri. Folda zilipoletwa mwaka 1983 katika DOS 2.0, kwa kuiga Unix, mkwaju ulikuwa na kazi tayari, basi ikachukuliwa ile iliyoinamia nyuma. Katika Unix hiyo ya nyuma ina kazi nyingine kabisa: huiondolea alama inayofuata maana yake ya pekee. Ukiandika `C:\orodha\majina` bila kufunga, zana ya Unix hupokea `C:orodhamajina`. Kadhalika nafasi. Faili yangu niliiita `Majina ya Masuguru.txt`, na `sort` ikatafuta faili tatu: `Majina`, `ya`, na `Masuguru.txt`. Funga jina ndani ya alama za kunukuu, na shida zote mbili zitakwisha.

Tena kuna majina ya zana yenyewe. Windows ina `find` yake ya kutafuta maneno ndani ya faili. Unix ina `find` yake ya kutafuta faili. Ipi itakayoitika hutegemea folda gani imetajwa kwanza katika orodha iitwayo PATH. Ukiona `find` inalalamikia masharti ambayo kitabu chasema ni sahihi, uliza kwanza ni nani aliyeitika: katika dirisha la amri la Windows andika `where find`, na ndani ya bash andika `type -a find`. `sort` nayo ina pacha wake katika Windows, jihadhari.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Mwaka 1995 Steve Chamberlain wa kampuni ya Cygnus alianza kazi ambayo leo yaitwa Cygwin. Ni mkalimani anayekaa katika faili moja, `cygwin1.dll`, na kuzifasiria zana za Unix mambo ya Windows. Wakalimani wawili wa matoleo mbalimbali wakiingia kikao kimoja hugombana. Ukiona zana zinaanguka ovyo, tafuta kama programu nyingine imeleta `cygwin1.dll` ya pili. Tena programu ya Unix ikitaka msaidizi hujigawa ikawa nakala mbili zilizo sawa. Windows haina desturi hiyo, hivyo Cygwin huinakili kumbukumbu yote kwa mkono, na ndiyo sababu kazi huenda polepole. Programu za kuzuia virusi zikijipenyeza katikati, nakala hushindwa kukamilika. Tangu 2016 Microsoft yenyewe imetia njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, iitwayo WSL, na toleo la pili, lililotangazwa 2019, lina kiini halisi cha Linux. Linapunguza shida ya wakalimani. Haliondoi alama ya 13 katika faili uliyoipiga kwa mkono wako upande wa Windows.

Nirudi kwa mama yule. Nilifuta alama, nikapanga orodha upya, nikaita `comm` mara ya tatu. Majina 38 yalikuwamo. Matatu hayakuwamo kweli, kwa kuwa mimi na ofisi ile tuliyaandika kwa herufi tofauti, na hayo yalisahihishwa kwa simu. Mama akataka kuiona alama yenyewe. Nikamwonyesha `^M` nyuma ya jina lake.

"Ndiyo hii iliyonipandisha basi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, nikamrudishia nauli yake, kisha nikaandika barua ya pili kwenda Masuguru.

Kwa kikundi chenye kompyuta, kazi ya juma hili ni hii. Andikeni majina matano katika Notepad, myahifadhi, kisha myafungue kwa `cat -A`. Fanyeni hivyo tena kwa majina yale yale yaliyoandikwa ndani ya bash kwa amri ya `echo`. Chukueni karatasi mwandike kila faili ina alama ngapi, mkihesabu na zile zisizoonekana. Juma lijalo tutalinganisha hesabu zenu.