Mwaka 1974: Mbio, Malori na Mahame

Kila ninapoanza kufundisha historia ya siasa ya Tanzania baada ya Uhuru, huwauliza wanafunzi wamerithi kumbukumbu gani ya mwaka 1974. Hawakuwapo, nami pia sikuwapo. Jibu la kwanza huwa ni michezo. Watanitajia Simba iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Wa upande wa pili hawakubali kunyamaza, nao watanikumbusha kwamba mwezi Agosti, katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga iliifunga Simba hiyo hiyo mabao 2 kwa 1. Kisha mmoja, kwa kawaida mtu wa Karatu au Mbulu, atamtaja Filbert Bayi.

Ana haki. Tarehe 2 Februari, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia iliyoshikiliwa na Jim Ryun wa Marekani tangu 1967. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo walizoea kujificha nyuma ya wenzao na kungoja mzunguko wa mwisho. Bayi aliongoza tangu mwanzo. John Walker, mwenyeji, alimfukuza hadi utepeni, naye pia akamaliza chini ya rekodi ya zamani. Rekodi ya Bayi ilidumu hadi 1979.

Wachache hutaja mkutano wa Juni. Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likiwa la kwanza katika mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Lilikuwa na kasoro yake: vyama vya upinzani vya Karibiani havikukaribishwa, na mzee C. L. R. James, aliyekuwa miongoni mwa walioliasisi wazo la kongamano hilo, akasusa. Hata hivyo, Dar es Salaam ya wakati ule ilistahili heshima yake. Mwezi Aprili utawala wa kidikteta wa Ureno ulikuwa umeangushwa, na mwezi Septemba FRELIMO, chama kilichoundwa katika jiji hili, kilitia saini mjini Lusaka makubaliano ya uhuru wa Msumbiji.

Lakini kuna jambo ambalo wanafunzi hawalitaji mpaka niwaambie wakaulize nyumbani, nalo ndilo lililowagusa Watanzania wengi zaidi mwaka ule. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini pamoja sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni zikashika kasi. Malori ya serikali yalibeba watu, vyungu, kuku na milango ya nyumba. Penye ubishi, paa ziliezuliwa na nyumba nyingine zikachomwa moto ili mwenyewe asirudi. Katika sehemu nyingi familia zilishushwa mahali penye vigingi tu, bila kisima na bila shamba lililolimwa.

Wako wanaoieleza historia hii kama ukatili wa mtu mmoja, na wako wanaoitetea kwa shule na zahanati zilizofuata. Mimi huona kwamba pande zote mbili zinaruka mahali penye somo zito, hasa kwenu mnaofanya kazi serikalini. Mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na mamlaka yakakabidhiwa maofisa waliotumwa kutoka juu. Kwa hiyo amri ilipokuja, ofisa wa wilaya alikuwa na tarehe ya mwisho, alikuwa na malori, na alikuwa na mkuu aliyengoja taarifa ya idadi ya kaya zilizohamishwa. Hakuwa na diwani wa kumwambia kwamba bonde lile hukauka mwezi wa nane. Mkulima aliyelijua bonde hakuwa na safu katika fomu ya taarifa.

Mavuno yalikuwa mabaya. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa wa kweli, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda kiasi cha kutikisa hazina ya nchi yoyote maskini. Sikubaliani na wanaoubebesha uhamisho lawama yote ya njaa. Lakini kumwondoa mkulima shambani kwake katikati ya ukame si jambo linaloweza kuachwa nje ya hesabu. Serikali ilitumia fedha za kigeni kununua nafaka nje, ikaanzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona.

Mwezi Novemba Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia Novemba 1977, badala ya miaka mingi baadaye kama ilivyopangwa awali. Mamangu ni tunda la uamuzi huo, nami siwezi kuujadili kama mgeni. Shule hizo zilijengwa katika vijiji vile vile.

Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Nyerere mwenyewe aliandika kwamba palikuwa na watu walioondolewa penye maji ya kudumu wakapelekwa pakavu, na vijiji vilivyokuwa vikubwa kupita ardhi yake. Kufikia wakati huo mamilioni walikwisha kuhamishwa.

Mwanafunzi mmoja niliyemtuma kuuliza nyumbani alirudi na jibu fupi. Bibi yake hakumsimulia lolote kuhusu malori. Alimchukua kwa miguu hadi kwenye mahame ya familia, mwendo wa saa mbili kutoka kijijini, akamwonyesha miembe miwili na mawe ya mafiga, na akamweleza nani alilala upande gani wa nyumba.