Kariakoo: Soko Lililoulea Mji

Vijana wengi husema Kariakoo imekuwa mji juzi tu, maghorofa yalipoota. Mimi niliyefundisha historia tangu ujana wangu hadi nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu, sikubaliani nao.

Jina lenyewe ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza. Wajerumani walikuwa wamejenga jumba kubwa mahali pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, waliwaweka hapo wapagazi wao. Mwaka 1923 jumba lile likafanywa soko.

Kulizunguka soko zilisimama nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa na jamaa zake katika vyumba viwili, vingine akapangisha. Barazani alikaa fundi cherehani, muuza mafuta ya taa au mama wa vitumbua. Basi makazi na biashara vilikuwa chini ya paa moja. Wapangaji ndio waliokuwa wateja wa kwanza, na usiku ndio waliokuwa walinzi wasiolipwa.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu. Nilikuwa kijana mwenye chaki mkononi, na nilipofika kulitazama nilistaajabia paa lake la miavuli ya zege, inayokinga jua na kuteremsha maji ya mvua hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Bidhaa za jumla ziliwekwa shimoni, za rejareja juu. Amuli alilichukua gulio letu la chini ya miti akalijengea kwa zege, wala hakumfukuza muuza nyanya.

Mabadiliko makubwa yalianza serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje mwaka 1984. Maduka yalihitaji nafasi, na kiwanja cha nyumba ya vyumba sita kikawa dhahabu. Familia nyingine ziliuza zikahamia pembezoni mwa jiji. Nyingine ziliingia mkataba na mwekezaji: wao watoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa, kisha wagawane. Sheria ya mwaka 2008 ikaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, kama vile nyumba moja katika ghorofa. Maduka chini, makazi juu: ni baraza na vyumba vile vile, ila sasa vimepandana.

Hata hivyo, urefu wa jengo si dalili ya uzima. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli liliungua, na wafanyabiashara wakatawanyika katika masoko mengine. Serikali ilitoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kulirudisha na kujenga jengo jingine kando yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja iliporomoka mtaani na kuua watu zaidi ya ishirini waliotoka nyumbani kutafuta riziki.

Liko na tatizo lisilo na kishindo. Vyumba vya kulala vinapogeuzwa stoo, mtaa hubaki na makufuli usiku. Hakuna mtoto wa kutumwa chumvi, wala jirani wa kunusa moshi mapema.

Ndugu msomaji, leo miji yetu mingi inavunja masoko ya zamani ili kujenga majengo ya maduka na makazi kwa pamoja. Sipingi. Naomba tu kabla ya kutia sahihi, wakubwa waulize maswali matatu: nani atalala humo, muuza nyanya atakaa wapi kwa kodi anayoimudu, na moto ukizuka watu watatokea mlango gani?