Saini Inafika Wapi? Historia ya Chuo cha Biashara Kilichohamia Ndani ya Simu

Sisi wa Mulago tuna vyuo karibu. Ukishuka Wandegeya na kupanda kidogo, uko kwenye geti la Makerere. Shule ya udaktari ya Makerere iko hapahapa kilimani, pembeni ya hospitali, tangu 1924. Lakini vijana ninaofanya nao kazi, wengi wakiwa wa Kongo kama mimi, na wachache wa Burundi na Sudan Kusini, hawaniulizi sana habari za Makerere. Wananiuliza habari za vyuo vilivyomo ndani ya simu. "Kaka, hiki ni cha kweli?" Tangazo lina mtu mwenye joho anacheka, na punguzo la ada linaisha Ijumaa. Kila Ijumaa linaisha, na Jumatatu limerudi.

Kuuliza kama ni cha kweli hakutoshi. Kuna vyuo vya mtandaoni vya kweli kabisa, vyenye walimu na mitihani, ambavyo vimewaacha watu na deni na karatasi isiyofungua mlango wowote. Mimi nawaambia waulize hivi: nani anasaini cheti, nani anamchunga huyo anayesaini, na macho yake yanafika mpaka wapi? Jambo hili lina historia, na ni ya zamani kuliko intaneti.

Kwa upande wetu inaanzia ng'ambo ya bonde. Tangu 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu wa mbali kufanya mitihani yake bila kuishi London. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikafungamanishwa na London, na kwa miaka iliyofuata aliyehitimu digrii pale alipewa digrii ya London. Mwaka 1963 saini ikahamia kwa University of East Africa, iliyounganisha Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Ni 1970 tu ndipo Makerere ikaanza kutoa digrii kwa jina lake yenyewe. Kwa hiyo saini ya kutoka mbali si ajabu, na hao wazee wetu walioipata walikuwa madaktari na walimu kamili. Ila London haikuwa na wenye hisa waliosubiri gawio kutokana na ada ya mtoto wa Kampala.

Wenye hisa waliingia kwa mlango mwingine, Marekani, na aliyewafungulia ni mtu ambaye kusema kweli mimi namheshimu nusu. John Sperling alizaliwa Missouri mwaka 1921 kwenye familia maskini, akawa baharia, halafu akasoma mpaka akapata udaktari wa historia ya uchumi Cambridge. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa anafundisha San Jose, California, alipewa kazi ya kuandaa kozi za polisi na walimu. Akaona kitu: hawa ni watu wazima wenye kazi, wana kiu ya kusoma, na vyuo vya kawaida vinawaona kama usumbufu. Chuo chake hakikuutaka mpango wake. Akaondoka, na mwaka 1976 akaanzisha University of Phoenix kule Arizona, ikapata ithibati mwaka 1978. Madarasa yalikuwa ya jioni. Mwanafunzi alichukua kozi moja kwa wiki chache, akamaliza, akaanza nyingine. Walimu mchana walikuwa na kazi zao. Mwaka 1989, wakati wengi wetu hapa Afrika Mashariki hatukuwa tumeona kompyuta, Phoenix ilianza kufundisha kwa kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu.

Wazo hilo nalipenda, siwezi kusema uongo. Mama mwenye watoto wanne anayeuza mkaa Kalerwe hatasoma saa nne asubuhi. Mtu aliyemfikiria huyo mama alifikiri vizuri.

Tatizo likaja na pesa. Desemba 1994 kampuni mama, Apollo Group, iliingia soko la hisa. Tangu hapo kulikuwa na watu wanaotaka idadi ya wanafunzi iongezeke kila robo mwaka. Na ada yenyewe haikutoka hasa mfukoni mwa mwanafunzi, ilitoka kwenye mikopo na misaada ya serikali ya Marekani. Chuo kikishamsajili mtu, serikali inalipa, na deni linabaki kwa mwanafunzi hata akiacha masomo mwezi wa pili.

Serikali haikuwa imelala kabisa. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilikuwa limeshaweka vizuizi. Chuo kisimlipe mtafuta-wanafunzi kwa kuhesabu vichwa alivyoleta. Chuo ambacho zaidi ya nusu ya kozi zake ni za mbali kisipate fedha hizo. Chuo cha biashara kipate angalau asilimia 15 ya mapato kwingine, isiwe serikali peke yake inayolipa. Ni sheria nzuri, na mtu aliyewahi kuona jinsi udanganyifu unavyofanya kazi anaona kila kipengele kimelenga wapi. Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1998 ile asilimia 15 ikashushwa kuwa 10. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ikalegeza masharti ya malipo ya watafuta-wanafunzi. Mwaka 2006 kizuizi cha nusu ya kozi kikafutwa, na chuo kizima kikaweza kuishi mtandaoni na bado kikala fedha za mikopo.

Mwaka 2004 Phoenix ililipa dola milioni 9.8 kumaliza madai kwamba iliwalipa wasajili kwa vichwa. Mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 78.5 kwenye kesi nyingine ya jambo lilelile, iliyofunguliwa na wafanyakazi wake wa zamani. Haikukiri kosa. Kufikia 2010 ilikuwa na wanafunzi karibu 470,000. Yaani, faini zilikuja, na chuo kikaendelea kukua.

Mwaka 2012 kamati ya Seneti chini ya Tom Harkin ilitoa ripoti juu ya kampuni 30 za aina hii. Takwimu moja mimi naikumbuka kuliko zote: mwaka 2010 kampuni hizo ziliajiri watu 35,202 wa kusajili wanafunzi, na watu 3,512 wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi. Kumi kwa mmoja. Kwenye kila dola 100 zilizoingia, karibu 23 zilienda kwenye matangazo na usajili, na 17 hivi kwenye kufundisha. Kwa hiyo ukipigiwa simu mara sita kwa siku na "mshauri wa masomo" mwenye sauti ya upole, ujue bajeti iko wapi.

Na wachungaji? Marekani ithibati haitolewi na serikali moja kwa moja. Inatolewa na mashirika yanayoendeshwa kwa michango ya vyuo vyenyewe. Ni kama askari wa duka kulipwa na yule anayetakiwa kumkagua. Shirika moja, ACICS, liliendelea kuwapa ithibati Corinthian Colleges huku kampuni hiyo ikichunguzwa huku na kule. Corinthian ilifunga Aprili 2015. Juni 2022 serikali ilitangaza kufuta dola bilioni 5.8 za deni la watu 560,000 waliosoma huko. ACICS yenyewe ilinyang'anywa utambuzi moja kwa moja mwaka huohuo wa 2022. Miaka saba watu walikuwa wakisubiri. Phoenix nayo, Desemba 2019, ilikubali dola milioni 191, zikiwemo milioni 141 za madeni ya wanafunzi yaliyofutwa, kwa sababu ya matangazo yaliyowafanya watu waamini kwamba kampuni kubwa kama Microsoft na AT&T zilikuwa zimeshirikiana nayo kuwapa kazi.

Nimekaa sana Marekani, najua. Ni kwa sababu mfumo unaotufikia kwenye simu ulizaliwa kule, na kwa sababu ya jambo hili: waliofutiwa deni la Corinthian walikuwa na mkopo wa serikali ya Marekani. Kulikuwa na mtu wa kushtakiwa, na serikali ya kulipa. Mkimbizi aliyelipa kwa mobile money akiwa Nakivale hayumo kwenye hesabu hiyo.

Pia kuna kundi la tatu, la uongo mtupu. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiuza vyeti kwa majina ya vyuo visivyokuwepo, vingine vikiwa na majina yanayofanana na vyuo maarufu. Walikuwa na mpaka mashirika ya ithibati ya kutunga. Sisi tunaojua Nasser Road hatushangai sana, ila Nasser Road angalau unaiona na macho.

Huku kwetu masomo ya mbali hayakuanza na wafanyabiashara. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, masomo yakishuka kwa setilaiti, na Makerere ilikuwa kati ya vituo vya majaribio. Makao yake baadaye yakahamia Nairobi. Uganda ilikuwa imefungua mlango kwa vyuo binafsi kabla ya kuwa na mchungaji. Sheria ya Vyuo Vikuu ilipitishwa 2001, na ndiyo iliyozaa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lenye ofisi Kyambogo. Chuo kinapita hatua tatu: barua ya mamlaka ya muda, leseni ya muda, halafu hati kamili. Na usichanganye: leseni ya chuo ni kitu kimoja, ithibati ya kozi ni kitu kingine. Chuo kinaweza kuwa na leseni huku kozi unayosoma haijapitishwa.

Sheria ile iliandikwa na watu waliokuwa wakiona chuo chenye kuta. Vigezo viliuliza ardhi, nafasi ya darasa, vitabu. Halafu kikaja Virtual University of Uganda, kilichopewa leseni na kuanza mnamo 2011 na 2012, ofisi Muyenga, masomo yote mtandaoni. Mmoja wa waanzilishi wake, Profesa Michel Lejeune, alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Uganda Martyrs University, kwa hiyo hakuwa mgeni wa kazi hii. Halafu Machi 2020 korona ikafunga kila kitu, na baraza likatoa miongozo ya dharura ya kufundisha kwa mbali. Vyuo vya kuta navyo vikawa vya simu. Mwaka 2021 serikali ikaweka kodi ya asilimia 12 kwenye bando, baada ya kuondoa ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Hiyo nayo ni ada, ila hakuna tangazo linaloitaja.

Mei 2023 palitokea kizaazaa: kozi nyingi za vyuo vya Uganda, hata za Makerere, zilionekana kwenye tovuti ya baraza zimeandikwa kwamba muda wake umeisha. Wahitimu walioko nje wakaanza kuulizwa maswali. Baraza likaeleza kwamba maana yake ni kozi zinazosubiri kupitiwa upya, na vyeti vya waliomaliza ni halali. Sawa. Lakini ona jinsi neno moja kwenye tovuti lilivyotikisa watu wenye vyeti vya Makerere. Sembuse mtu mwenye cheti cha chuo ambacho Kyambogo hawajawahi kukisikia.

Kwetu wakimbizi mambo yana tabaka mbili. Diplome ya Leta ya Kongo inalinganishwa na UNEB. Cheti cha juu kutoka nje kinalinganishwa na NCHE, na huko wanaangalia kama chuo kinatambuliwa na nchi yake. Kwa hiyo ukisoma chuo cha Marekani ukiwa Kyangwali, mchungaji wako wa kwanza yuko Marekani. Wapo wanaofaa. University of the People ilianzishwa 2009 na Shai Reshef, haina faida, haitozi ada ya kufundisha ila hutoza ada ya kila mtihani, na ilipata ithibati ya Marekani 2014. Huyuhuyu Reshef kabla ya hapo aliendesha biashara, KIT eLearning, iliyofanya kazi na University of Liverpool na ikauzwa kwa Laureate mwaka 2004. Biashara na huruma, kumbe, zinaweza kupikwa na mpishi mmoja, kwa hiyo usihukumu kwa harufu ya jikoni.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, nawaomba kitu kimoja. Lengo la UNHCR ni wakimbizi 15 kati ya 100 wafike elimu ya juu kufikia 2030, na mwaka 2019 walikuwa 3. Mbio hizo zinapendeza kwenye ripoti. Lakini DAFI, iliyoanza 1992, inalipia wachache, na wengine wanaachiwa simu. Mnapofundisha kijana kutumia kompyuta, mfundisheni pia kusoma leseni. Na kwenye bajeti wekeni ada ya kulinganisha vyeti, maana hapo ndipo wengi wanakwama, baada ya kusoma na si kabla.

Dada mmoja hapa Mulago, msusi, alilipa awamu tatu kwa chuo kimoja cha mtandaoni, jina naliacha. Alikuwa ameonyeshwa "cheti cha usajili". Tulipokisoma pamoja, kilikuwa cha kusajili kampuni. Kampuni yoyote inasajiliwa, hata ya kuuza kuku. Ithibati haikuwepo popote. Mwezi uliopita tuliandika barua ya kudai pesa zake, tukaituma kwenye anwani tatu za barua pepe walizompa. Mbili zimerudi. Ya tatu ilijibu yenyewe saa ileile, ikimpa punguzo la ada kwa ajili ya shahada ya uzamili.