Askari Wasudani na Vita vya Pwani

Tunaposimulia historia ya Usambara twataja Wajerumani na Wakilindi, tukawasahau waliobeba bunduki. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri, aliandika huko Cairo askari Wasudani wapatao 600. Walikuwa wamelitumikia jeshi la Misri, na ushindi wa Mahdi mwaka 1885 uliwafungia njia ya kurudi kwao. Wengi walikuja na wake na watoto.

Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Jeshi lile likaweka ngome Mazinde, makao ya Semboja, chini ya milima yetu. Mwaka 1895 Mputa, mtawala wa Vuga, naye akanyongwa.

Wahamiaji Waairishi waliopigana Marekani, 1861 hadi 1865, walitumaini angalau kuhesabiwa raia. Katika koloni Mwafrika hakuwa na uraia wa kutumainia. Kuwaita Wasudani hawa vibaraka ni rahisi mno, ingawa vijiji vilivyochomwa hatuwezi kuviondoa katika hesabu yao. Nchi iliyowapokea iliwapokea wakiwa na bunduki mkononi.

Vyeo vyao, ombasha, shaushi na efendi, vilidumu jeshini hadi 1918, vikivaliwa na Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema.